Sifa ya Mdomo na Sifa ya Mwili: Matangazo ya Farasi katika Historia ya Biashara

0. Utangulizi

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kizuri hakihitaji mpiga mbiu. Kitu kibovu ndicho kinachotafuta mdomo wa kukisemea. Lakini soko halitii methali kila siku. Kuna bidhaa ambazo uzuri wake hauonekani kwa macho, na ubaya wake vilevile hauonekani, mpaka mnunuzi amekwisha kulipa na kufika nyumbani. Farasi ni bidhaa ya namna hiyo. Umri wake umefichika kinywani, pumzi yake imefichika kifuani, na tabia yake haijulikani hadi siku atakaposhtuka akiwa na mtu mgongoni.

Kwa msomaji wa Kongo, farasi ni mnyama wa vitabuni kuliko wa njiani, kwa kuwa mbung'o na maradhi anayoyaeneza yamemzuia farasi kukaa katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Hata hivyo, sheria ya mauzo inayotumika Lubumbashi, Bukavu na Kisangani imebeba alama ya kwato zake, kama itakavyoonyeshwa. Makala haya yanafuata tangazo la farasi kutoka soko la Roma hadi minada ya London, na kutoka hapo hadi siku zetu. Swali lake ni moja: muuzaji anaposema kwamba farasi wake ni mtulivu na mzima, je, amesifu tu, au ameahidi?

1. Neno "sifa" na maana zake mbili

Kiswahili kinatupa chombo kizuri cha kulichunguzia swali hili. Neno "sifa" lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kueleza kitu jinsi kilivyo. Katika Kiswahili limechukua maana mbili zinazokaa pamoja kama mapacha. Sifa ni hali iliyomo katika kitu chenyewe: tunasema kwamba ukali ni sifa ya pilipili. Tena sifa ni maneno mema yatokayo kinywani mwa msemaji: tunasema kwamba mtu fulani anapenda sifa. Ya kwanza ni sifa ya mwili, ya pili ni sifa ya mdomo.

Tangazo la biashara huishi katikati ya maana hizo mbili. Msomaji hulisoma akidhani anapewa sifa ya mwili. Mwandishi wake, akibanwa baadaye, hujitetea kwamba alitoa sifa ya mdomo. Historia ya sheria ya farasi, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya juhudi za kuziba mwanya huo.

2. Roma: kibao kinachosomeka

Katika Roma ya kale, masoko yaliangaliwa na maofisa walioitwa aediles. Hao walitoa amri maarufu kuhusu mauzo ya watumwa, kisha kuhusu wanyama wa kubeba na kukokota, farasi wakiwamo. Amri hiyo imehifadhiwa katika kitabu cha 21 cha Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya Kaisari Justinianus mwaka 533. Muuzaji alitakiwa kutamka waziwazi ugonjwa na ila za anayeuzwa. Akinyamaza, mnunuzi aliweza kurudisha alichonunua na kudai fedha zake ndani ya miezi 6, au kudai kupunguziwa bei ndani ya mwaka mmoja. Hata mapambo yalifikiriwa: mnyama akipambwa kwa ajili ya kuuzwa, mnunuzi alikuwa na haki ya kupewa na mapambo hayo.

Kwa mwanaisimu, sehemu yenye uzito zaidi ni ile inayohusu kibao. Mwandishi Aulus Gellius, wa karne ya pili, ameeleza kwamba kila mtumwa alitakiwa kuwa na kibao chenye maandishi, na kwamba maandishi hayo yawe ya namna ambayo msomaji ataelewa sawasawa ugonjwa au ila iliyopo. Haikutosha, basi, kwamba jambo limeandikwa, ilitakiwa lieleweke. Maofisa wa soko walikwisha kutambua kwamba mtu aweza kusema kweli kwa namna ya kumpotosha msikilizaji.

Wanasheria wa Roma walitenganisha pia sifa na ahadi. Ulpianus aliona kwamba maneno ya kusifia bidhaa tu yahesabiwe kama hayakusemwa wala kuahidiwa. Florentinus aliongeza kipimo. Muuzaji akisema kwamba nyumba imejengwa vizuri, na mnunuzi anaiona kwa macho yake, maneno hayo hayamfungi. Lakini akisema kwamba mtumwa anajua kusoma au ana ufundi fulani, lazima athibitishe, kwa sababu ni kwa neno hilo amejipatia bei kubwa zaidi. Kipimo hiki ni cha busara: lile neno lililoongeza bei ndilo linalomfunga msemaji.

Haifai kuipita sehemu hii bila kutaja aibu iliyomo. Binadamu na mnyama walikaa chini ya amri zilizofuatana katika kitabu kimoja, na meno ya wote wawili yalikaguliwa. Sheria iliyomlinda mnunuzi kwa uangalifu mkubwa haikumlinda hata kidogo yule aliyevaa kibao.

3. Uingereza: mnunuzi ajihadhari

Uingereza ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1555 iliagiza kwamba farasi anayeuzwa gulioni asimamishwe hadharani kwa muda usiopungua saa moja, kati ya saa nne asubuhi na machweo, na kwamba majina ya wauzaji na wanunuzi pamoja na rangi ya farasi yaandikwe katika daftari. Lakini sheria hiyo ilikusudia kuzuia wizi. Daftari lilieleza farasi ni wa nani; halikueleza farasi ana nini. Kuhusu kasoro, mahakama za Uingereza zilishika kanuni ya Kilatini isemayo kwamba mnunuzi ajihadhari. Muuzaji aliyekaa kimya hakuwa na kosa. Kilichomfunga ni dhamana aliyoitoa kwa maneno ya wazi, au udanganyifu uliothibitishwa.

Matokeo yake ni kwamba biashara nzima ya farasi iligeuka kuwa biashara ya maneno. Mwaka 1766 Richard Tattersall alifungua nyumba yake ya mnada karibu na Hyde Park, London, na minada kama hiyo ikaeneza desturi ya kuandika orodha za farasi. Kila farasi alipewa mstari mmoja au miwili: rangi, umri, kazi aliyozoea, na pengine maneno machache ya dhamana. Magazeti nayo yalijaa matangazo ya aina hiyo. Hapo ndipo sanaa ya kupotosha ilipokomaa.

Wajanja wa biashara hiyo walikuwa na hila za mikono. Meno ya farasi mzee yalichongwa na kuchomwa ili yaonyeshe vishimo vya ujana. Nywele nyeupe zilipakwa rangi. Kipande cha tangawizi kilitiwa nyuma ya mnyama ili ainue mkia na kuonekana mwenye nguvu. Farasi aliyechechemea mguu mmoja aliwekewa kijiwe katika kwato ya mguu wa pili, ili maumivu yalingane na hatua zionekane sawa. Mnyama aliteswa ili mwili wake nao useme uongo uleule uliosemwa na tangazo.

Lakini hila za mdomo zilizidi hizo. Iliyojulikana zaidi ni ile ya kujificha nyuma ya bwana mwungwana. Tangazo lilisema kwamba farasi ni mali ya bwana anayesafiri ng'ambo, au ya mjane asiyemhitaji tena, na kwamba bei si neno, bali anatafutwa mwenyeji mwema. Mnunuzi alipofika zizini alimkuta saisi mwenye huzuni, akimsifu mnyama huku akifuta machozi. Bwana hakuwapo, mjane hakuwapo. Palikuwa na mchuuzi na wenzake waliogawana kazi kama waigizaji. Mtu wa aina hiyo aliitwa kwa Kiingereza cha mitaani "chaunter", yaani mwimbaji, na jina hilo linapatikana katika The Pickwick Papers, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kati ya 1836 na 1837. Jina linastahili kutazamwa. Mwimbaji wa farasi hakuitwa mwongo; aliitwa mtu wa kuimba sifa. Jamii ilikuwa imekwisha kuelewa kwamba hapo wimbo umechukua nafasi ya habari.

Mwaka 1835 kitabu kizima kilitolewa London kuhusu jambo hili: The Adventures of a Gentleman in Search of a Horse. Mwandishi alijiita Caveat Emptor, yaani Mnunuzi Ajihadhari. Jina lake halisi lilikuwa George Stephen, mwanasheria, na kitabu chake kilichanganya visa vya mnunuzi anayedanganywa pamoja na maelezo ya sheria ya dhamana. George Stephen huyohuyo alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa kukomesha utumwa, na mwaka 1831 alishiriki kuanzisha kamati iliyotuma wasemaji kila upande wa Uingereza kupinga utumwa, miaka miwili kabla Bunge halijapitisha sheria ya 1833 ya kuukomesha katika makoloni mengi ya nchi hiyo. Kwa hiyo kalamu moja iliwapinga wenye kuuza watu na wenye kuuza farasi kwa hila. Maofisa wa Roma walikuwa wamewaweka binadamu na farasi mahali pamoja. Mwanasheria huyu alifanya kazi ya kuwatenganisha.

4. Mahali pa neno katika sentensi

Mashauri yaliyofika mbele ya mahakama za Uingereza katika karne ya 19 yangeweza kufundishwa katika darasa la sintaksia. Katika shauri la Richardson dhidi ya Brown, la mwaka 1823, karatasi ya mauzo ilimtaja farasi mweusi aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka kama mitano, aliyezoea kuvuta plau, na mwishoni likawekwa neno moja la dhamana. Mnunuzi aliona kwamba neno hilo linafunika yote yaliyotangulia. Mahakama iliona kwamba linahusu uzima wa mwili peke yake.

Mwaka 1831, katika shauri la Budd dhidi ya Fairmaner, stakabadhi ya pauni 10 ilimtaja mwanafarasi wa kijivu wa miaka minne, kisha ikasema kwamba anadhaminiwa kuwa mzima kwa kila hali. Ikagunduliwa kwamba mnyama hajafikisha miaka minne. Mnunuzi alishindwa. Umri ulikuwa umetajwa kabla ya neno la dhamana. Kwa hiyo ulikuwa maelezo tu, wala si ahadi. Laiti maneno yangepangwa kwa namna nyingine, mtu huyo angeweza kushinda. Kwa mnunuzi wa kawaida, ambaye husoma sentensi yote kwa pumzi moja na kuiamini yote, hukumu hiyo ilikuwa somo chungu: sarufi ya muuzaji na sarufi ya msomaji si moja.

Hata neno "mzima" lilihitaji tafsiri. Katika shauri la Kiddell dhidi ya Burnard, la mwaka 1842, jaji Parke alishika kwamba mnyama si mzima ikiwa wakati wa kuuzwa ana ugonjwa unaopunguza manufaa yake ya kawaida, au utakaoyapunguza ukiendelea. Kwa hiyo kikohozi kinachotibika nacho chaweza kuvunja dhamana. Neno la sifa liligeuzwa kuwa neno la kipimo.

Mwelekeo ulianza kubadilika. Mwaka 1871, katika shauri la Head dhidi ya Tattersall, orodha ya mnada ilieleza kwamba farasi fulani amekwisha kuwinda pamoja na kundi maarufu la mbwa wa Bicester. Masharti yaliruhusu farasi asiyelingana na maelezo arudishwe kabla ya Jumatano jioni. Mnunuzi alimchukua, mnyama akaumia njiani bila kosa la mnunuzi, naye akamrudisha ndani ya muda kwa sababu maelezo hayakuwa ya kweli. Mahakama ilimpa haki. Kisha sheria ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893 iliweka kanuni kwa jumla: bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Uingereza ilikuwa imerudi polepole kwenye kipimo cha Florentinus.

5. Farasi wa kukodi na wa kuazima

Mambo huwa magumu zaidi pale farasi asipouzwa bali anapokodishwa au kuazimishwa. Anayeazima hulipa kidogo au halipi, na kwa hiyo huona haya kuuliza mengi. Kama Waswahili wasemavyo, cha kuazima hakisitiri matako.

Mfano wa kale kabisa unatoka katika mji wa chuo kikuu. Thomas Hobson, aliyefariki mwaka 1631, alikuwa mchukuzi wa mizigo kati ya Cambridge na London, na aliwakodisha wanafunzi farasi. Kila mteja alitakiwa kumchukua farasi aliyesimama karibu na mlango wa zizi, au aende zake. Kusudi lake lilikuwa kwamba kila mnyama apate zamu ya kupumzika, badala ya wale wepesi kuchaguliwa kila siku hadi waishe nguvu. Mwaka 1712 gazeti la The Spectator lilieneza habari hiyo, na hata leo Waingereza hulitaja jina lake wanapozungumza juu ya uchaguzi usio uchaguzi. Watu humcheka Hobson. Lakini yafaa kukumbukwa kwamba zizi lake halikuwa na tangazo, wala hakumsifia farasi yeyote.

Katika karne ya 19 hali ilikuwa kinyume. Farasi aliyepoteza thamani sokoni, mwenye magoti yenye makovu au pumzi mbovu, aghalabu aliishia kwa wakodishaji, na mikononi mwa wapandaji wasiojua hatamu. Riwaya ya Anna Sewell, Black Beauty, iliyochapishwa mwaka 1877, ilionyesha safari hiyo kwa kinywa cha farasi mwenyewe: akiumia magoti kwa kosa la saisi mlevi, anauzwa kwa mkodishaji, na kutoka hapo anazidi kushuka. Hapa ndipo madhara ya tangazo la uongo yanapofahamika kwa ukamilifu. Mnunuzi aliyedanganywa naye hutafuta wa kumdanganya, ili arudishe fedha zake. Kila mkono unampa mnyama tangazo jipya, na kila tangazo linampeleka mahali pabaya zaidi.

6. Kutoka Paris hadi Kongo

Ufaransa, tofauti na Uingereza, haikuiacha njia ya Roma. Code civil ya mwaka 1804 ilimbebesha muuzaji dhamana ya kasoro zilizofichika, hata kama hakutamka neno. Lakini kesi za mifugo zilikuwa nyingi mno, na desturi za majimbo zilitofautiana; ndipo sheria ya tarehe 20 Mei 1838 ikaweka orodha iliyofungwa ya maradhi yanayoweza kuvunja mauzo ya mnyama. Kwa maradhi mengi mnunuzi alipewa siku 9 za kudai. Kwa ugonjwa wa macho unaokuja na kuondoka alipewa siku 30. Orodha kama hiyo ilileta uhakika, ingawa ilimfunza pia mjanja ni kasoro gani hazimo.

Kanuni ya kasoro zilizofichika ilivuka bahari. Ilifuatwa Ubelgiji, nayo ikaingia katika amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo. Amri hiyo ingali msingi wa sheria ya mikataba ya nchi. Kwa hiyo mkazi wa Lubumbashi anayenunua gari lililokwisha kutumika, akakuta injini imepasuka na ufa kufichwa kwa gundi, anategemea kanuni iliyozaliwa kati ya vibao na kwato katika soko la Roma.

7. Tangazo la leo

Huko Uingereza farasi si chombo cha kazi tena kwa wengi. Ni mwenzi wa michezo, na mara nyingi mpandaji ni mtoto. Hata hivyo lugha ya matangazo haikubadilika sana. Farasi husifiwa kuwa hashtuki hata bomu likilipuka. Maneno kwamba hamfai mpandaji mgeni huwekwa kwa upole, nayo yaweza kufunika tabia ya kukimbia ovyo. Picha hupigwa katika siku njema. Farasi asiyeuzika hutangazwa kuwa wa kuazimishwa, na gharama ya chakula na ya daktari ikahamia kwa mwazimaji pamoja na hatari. Mnyama wa kilo 500 asiyelingana na maelezo yake aweza kuvunja mgongo wa mtu kwa dakika moja.

Kinga zimeongezeka. Daktari wa mifugo anapomkagua farasi kwa ajili ya mnunuzi, kwa kawaida huchukua damu inayohifadhiwa miezi 6, ili dawa za kuficha maumivu zitambulike. Tangu Oktoba 2020 kila farasi wa England sharti awe na kitambulisho cha kielektroniki chini ya ngozi. Mashirika ya wapanda farasi huhimiza kwamba kuazimana kufanywe kwa mkataba wa maandishi.

Sheria nayo ilimtambua mwimbaji wa zamani. Mtu binafsi anayeuza farasi wake hawajibiki kutaja kila kasoro, ila tu asiseme uongo; mfanyabiashara ana wajibu mkubwa zaidi. Ndiyo maana mfanyabiashara hupenda kuvaa nguo za mtu binafsi. Amri ya mwaka 1977 ilimtaka atangaze kwamba anauza kwa biashara. Kanuni za mwaka 2008 zilipiga marufuku kabisa kujifanya mtu wa kawaida, na zilihesabu kuwa kosa si uongo peke yake bali pia kunyamazia jambo ambalo mnunuzi angelihitaji ili aamue. Mwezi wa Aprili 2025 kanuni hizo zilibadilishwa na sheria mpya iliyotungwa mwaka 2024, lakini makatazo hayo mawili yamebaki. Yule bwana anayesafiri ng'ambo, pamoja na mjane wake, amefikiwa na sheria baada ya karne nzima na zaidi.

8. Hitimisho

Historia hii imezunguka na kurudi karibu na mahali ilipoanzia. Roma ilimwambia muuzaji: sema. Uingereza ilimwambia mnunuzi: tazama. Miaka mingi ya mashauri, ya wapandaji walioumia na ya wanyama waliochoka ilihitajika kabla muuzaji hajaambiwa tena aseme. Katika safari yote hiyo, uongo mtupu haukuwa tatizo kubwa kuliko yote, kwa kuwa uongo mtupu hukamatwa. Tatizo lilikuwa neno la kweli lililowekwa mahali pasipolifunga, ukimya uliowekwa mahali pa habari, na sifa ya mdomo iliyovishwa ngozi ya sifa ya mwili.

Wanafunzi wa lugha, basi, wasidhani kwamba tangazo ni maandishi mepesi yasiyostahili uchunguzi wao. Watazame ni neno lipi limeongeza bei, na kama msemaji yuko tayari kulisimamia. Tena watazame ni jambo gani ambalo msomaji wa haki angeuliza, na ambalo tangazo halikugusa. Kipimo cha kale kingali kinatosha: maandishi yawe ya namna ambayo anayesoma ataelewa sawasawa ila iliyopo.